Mulongo wa Tatu Hauna Kichwa

Barua na jibu, vile vilivyosomwa katika kipindi cha asubuhi cha Mama Safi, radio ya Kolwezi, mwezi wa kumi 1993.

Mama Safi wa radio,

Shika hii barua na mikono mbili na uisome mpaka mwisho, nakuomba sana, juu mi sina tena mutu wa kuuliza, kaka yangu ananiambia ninyamaze, padri aliniambia niombe, na nimeomba, Mama, nimeomba mpaka magoti imetoka ngozi, lakini ile sauti ingali inakuya.

Mi ni mwanamuke wa Katanga, kwetu ni kaskazini, na bwana yangu Mulumba ni mutu wa Kasai, hata kama alizaliwa hapa hapa Kolwezi na hajaona Kasai hata siku moja, tulioana kwa kanisa, tuko na batoto, na miaka yote hakuna mutu aliuliza nani ametoka wapi, mpaka haya maneno ilianza na bijana bakaweka barriere kwa njia, banaimba kama Bakasai ni bilulu, ni badudu, barudi kwao, na siku moja bakafika kwetu na mawe. Mulumba akatoka yeye mwenyewe na sanduku kwa mukono, juu basivunje nyumba. Akaniambia, "Mbuyu, baki na batoto, wewe habatakugusa, mi naenda kungoja treni kule gare, nikifika nitakuita." Njo vile aliondoka. Batoto nikabatuma kwa mama yangu kule Mutshatsha, nikabaki peke yangu.

Kule gare batu ni mingi sana, banalala mu mabehewa ya zamani na chini ya maturubai, treni inakuya wakati inapenda, malaria inabaua, kuhara inabaua, banazikwa mbio mbio, na sisi wa inje hatuingie, bijana banakaa kwa mulango, unasimama tu kwa waya unaangalia tablo. Hii tablo njo mambo yangu yote, Mama Safi, basi sikia vizuri.

Ni ile tablo ya mugodi. Kila mwanamuke wa mugodi anaijua. Ilikuwa inasimama kwa chumba ya mataa, pale bwana zetu balikuwa banachukua taa mbele ya kushuka, ubao mukubwa mweusi, umekatwa na rangi nyeupe milongo tatu, safu za kusimama, na juu ya milongo hakuna hata neno moja, ya nini kuandika, kila mutu anajua: wa kwanza ni wenye kubaki nyumbani, wa pili ni wenye kutumika huku juu, wa tatu, kwa mukono wa kuume, ni wenye kuwa mu shimo. Mutu akishuka, kibati chake cha namba kinatundikwa kwa wa tatu, akipanda kinatoka. Siren ikilia na kibati kingali pale, sisi banawake tunavua bilatu kwa miguu pale pale, njo alama ya kilio, hatungoje mutu atuambie.

Sasa mugodi umekufa, siren hailie tena, mashine yote imenyamaza mpaka unasikia mabati ya jirani ikijikunja na jua, na ile tablo bakaisukuma na mukokoteni mpaka kule gare, bakaisafisha, bakaandika majina ya batu na chaki. Mi nilikuwa naenda kila siku. Mulumba alikuwa mulongo wa kwanza. Kisha akapita kwa wa pili, nikafurahi, nikasema kumbe bamemupa kazi. Kisha asubuhi moja nikakuta jina yake kwa wa tatu.

Nikavua bilatu. Juu kidogo ya jina yake kulikuwa jina ya mutoto wa Ndaya, jirani yetu, na ule mutoto alikufa, si maneno ya kusikia, mi mwenyewe nilisikia mama yake analia huko ndani. Sasa niulize nini tena? Kaka yangu Nkulu, naye ni mutu wa mugodi, alikuya akaangalia muda murefu, akatoa kofia. "Mudogo yangu," akasema, "yuko chini."

Tukafanya kilio, mulango umefungwa na sauti chini, juu kulilia Mukasai siku hizi ni hatari. Bakaninyoa nywele. Bilamba yake, manguo yote, tukagawa. Na bazee ya kwetu bakanipatia onyo, kama mutu mwenye kuisha kuliliwa akikuita, usiitike, usimufungulie, juu ukimujibu umemuonyesha njia, na atarudi nayo pamoja na wewe.

Na sasa anakuya. Ingekuwa usiku ningesema ni ndoto. Ni saa sita ya muchana, jua juu ya kichwa, wakati njia ni tupu na bijana ya barriere banaenda kulala kwa kivuli. Anapita nyuma, kwa mulango wa jikoni. Kwanza nasikia kitu kinakokotwa kwa udongo, shaa, shaa, kisha sauti yake, "Mbuyu. Mbuyu, fungua. Niko nasikia baridi." Baridi, Mama Safi! Saa sita, mwezi wa kumi, hata mijusi inatafuta kivuli, na yeye anasikia baridi! Mi nalala kwa sakafu naziba masikio. Kisha anaanza kuita majina, pole pole, sawa kapita, mukubwa wa kazi, anaita batu mbele ya kushuka, Muamba, Kalenga, mutoto wa Ndaya, na hayo ni majina ya mulongo wa tatu, Mama, vile vile yanafuatana kwa ubao, mi nayajua sawa sala. Akifika pale jina yake mwenyewe ingefuata, ananyamaza.

Imbwa yetu haimubwekee. Inalala karibu na mulango na inatikisa mukia. Na jioni nikifungua sioni mutu, naona tu alama ya mikono kwa mbao, vumbi nyeupe sawa ile ya mugodi, na haikai mahali pamoja: mbele ilikuwa karibu na kufuli, kisha ikashuka kwa usawa wa magoti, na sasa iko chini kabisa, inagusa udongo, sawa mutu anarudishwa mu shimo kidogo kidogo. Hata sauti inapungua. Leo nimesikia tu jina yangu, na haikuisha.

Nkulu anasema asante Mungu, anachoka, ataacha. Anataka nihamie kwake, na ule mulango wa jikoni ataufunga na matofali. Mi najua ananitakia mema. Lakini Mama Safi, mi ningali namupenda bwana yangu, hata vile alivyo, na kuna siku mukono yangu ilifika mpaka kwa kufuli, ikarudi yenyewe. Nikifungua, nitakufa naye. Nikihama, atakuya atakuta matofali. Niambie, nihame ao nifungue? Usitaje mutaa wangu. Jibu mbio.

Ni mi mwenye kuvua bilatu.

*

Mwanangu,

Kabla sijakujibu nina neno na wewe kijana wa barriere unayesikiliza. Majina yote uliyosikia nimeyabadilisha, mtaa sijautaja, na hata huo mlango huenda si wa jikoni. Kaa kwenye kivuli chako.

Sasa wewe, mama. Pole. Pole kwa mawe, pole kwa batoto walio mbali, pole kwa kulia na kitambaa mdomoni ndani ya nyumba yako mwenyewe. Barua yako ilinifikia jana jioni na sikulala vizuri. Pole nimeisha kukupa, ushike, kwa sababu sasa nakugombeza.

Hukuuliza! Wewe hukuuliza, kaka yako hakuuliza, na mji mzima huu wa watu wenye midomo mirefu hakuna aliyeuliza ile tablo inasema nini. Leo alfajiri mdogo wangu Shafii alikuwa anapeleka unga kule gare na lori lake. Nikapanda mbele, nikakaa, nikamwambia leo mimi ni gunia. Pale mlangoni hawakunigusa, wanajua unga ukirudi na wao watalala na njaa.

Ndani nikamkuta mwenye kuandika majina, mtumishi wa parokia, mtu mstaarabu, tumwite Gracien. Ametoka Fungurume juzi juzi, na mgodini hajashuka hata kwa kuteleza. Nikamwuliza, "Tata, huu mlongo wa tatu ni wa nani?"

"Ni wa wale tusiowapikia tena, mama."

"Yaani wamekufa?"

"Wengine."

"Na wengine?"

"Wengine wamepanda treni. Na wengine sahani yao imekaa tu, hakuna anayekuja kuichukua, basi nawatoa."

"Haya. Nionyeshe sasa aliyekufa ni nani na aliyepanda treni ni nani."

Akaangalia ubao. Akaangalia chaki mkononi. Akaniambia, "Mama, mimi nilikuwa nahesabu sufuria tu."

Umesikia? Wa kwanza ni waliofika na bado hawajapewa sahani. Wa pili ni wanaokula. Ile siku ulifurahi bwana wako amepata kazi, alikuwa amepata ugali. Ubao ni ule ule, mistari ni ile ile, lakini aliyeandika ni mwingine na ana sababu nyingine, na hakuweka neno hata moja pale juu. Ninyi wa mgodi mkausoma kwa macho ya mgodi. Yule Muamba ambaye sauti inamwita, Mungu asifiwe, yuko Mwene-Ditu, kule Kasai, anauza sabuni, dereva wa Shafii amekula naye juma lililopita. Dada yake hapa Kolwezi alinunua kitambaa cheusi dukani kwangu mimi mwenyewe. Na mtoto wa Ndaya ni kweli alizikwa, Mungu ampokee. Mzima na maiti, mlongo mmoja, na juu yao hakuna kitu.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia Gracien, chaki si dhahabu, andika! Tena andika mbele yangu. Akaugawa mlongo wa tatu kwa mistari, na kila kipande akakipa kichwa kwa herufi kubwa ambazo hata mzee asiye na miwani atazisoma kutoka kwenye waya. AMEPANDA TRENI. AMEZIKWA HAPA. HATUJUI ALIPO. Nikamwambia pale pa kuzikwa usiweke jina la mtu mpaka aje aliyeshika jembe akwambie kwa mdomo wake. Na ule wa sahani nao uupe jina lake, wanaokula ni wanaokula, usiwachanganye na kitu kingine.

Basi tukaanza kuyahamisha majina, moja moja, tukiwauliza waliolala karibu na kila mtu. Sijui nikueleze vipi. Huko nje ya waya walikuwa wamesimama wanawake wengi, na wengi vichwa vimenyolewa kama chako. Nilisikia chaki tu. Mama mmoja aliona jina la mume wake linafutwa, linaandikwa chini ya AMEPANDA TRENI, akakaa chini kwenye vumbi na kuanza kutafuta viatu vyake ambavyo hakuja navyo. Watu wote wale walikuwa wamezika majina.

Ya bwana wako tulifika nayo karibu na mwisho. Gracien hakumkumbuka kaburini, hakumkumbuka akipanda treni. Alichokumbuka ni sahani iliyokaa, na kwamba kabla ya hapo huyo baba alikuwa anauliza kila mtu kama njia ya kurudi mjini ina watu wengi mchana. Kwa hiyo ameandikwa chini ya HATUJUI ALIPO. Gracien hajui. Parokia haijui. Lakini mimi na wewe tunajua, sivyo? Yuko nyuma ya jiko lako.

Wewe ni mtoto wa Katanga na hujui mtu anayesikia baridi saa sita mchana ana ugonjwa gani? Umelea batoto! Umewafunika mablanketi mangapi na jua likiwaka? Hiyo ni malaria, tena ya kichwani, ndiyo maana anaropoka majina ya watu aliolala nao ubavu kwa ubavu. Anakuja mchana kwa sababu usiku bijana wako macho na mchana wanasinzia, hata wewe umeandika hivyo kwa mkono wako. Vumbi jeupe ni la mashimo ya zamani ambako anajificha. Imbwa ina akili kuliko kaka yako. Na alama za mikono zinashuka kwa sababu mtu hawezi kusimama tena! Alikuja kwa miguu, akaja kwa magoti, sasa anakuja kwa tumbo. Hakuna anayemrudisha shimoni isipokuwa ninyi, ninyi wenye kufuli.

Jambo moja sitakudanganya. Hayo majina anayoyaita kwa mfuatano wa ubao, nilimwuliza Gracien, na Gracien anasema mfuatano huo aliuandika baada ya ile sahani kukaa, bwana wako akiwa ameisha kuondoka. Sasa ameujua wapi? Labda naye alikwenda kuchungulia kwenye waya kama wewe. Labda. Mimi sijui, na tangu asubuhi linanizunguka kichwani, na sitakaa hapa mbele ya mikrofoni kujifanya najua. Fungua vilevile.

Unaniuliza, na kama ni mzimu? Mwanangu, mimi nilimzika bwana wangu kwa mikono ya ndugu zake, niliona sanda, niliona udongo. Angekuja kunigongea siku moja, mtu ama mzimu, akiniambia anasikia baridi, ningefungua. Ningefungua na kumwambia amechelewa. Bazee wenu walikupa onyo la mtu aliyekufa. Hawakukupa onyo la mtu aliyeandikwa.

Sasa fanya hivi. Mwite Nkulu, najua naye anasikiliza, mji huu wote unasikiliza. Nkulu, tata, weka chini matofali. Kakate mti wa machela. Utambeba shemeji yako umemfunika blanketi mpaka usoni, ukiulizwa njiani sema ni ndugu yako ana kuhara, utaona watakavyokuachia njia. Mpeleke kwa masista, kwa mlango wa nyuma, dawa ipo, nimeuliza. Wewe mama, maji ya kuchemsha, sukari, chumvi kidogo, kwa kijiko, usimmiminie. Usimwambie habari ya kilio leo. Nywele zako akiuliza, sema ni joto. Habari ya treni, ya batoto, ya wapi mtakwenda kuishi bila kurushiwa mawe, hayo siyasemi hewani, duka langu unalijua, njoo.

Na ninyi wengine mliovua viatu, nendeni gare leo mkasome upya. Someni kichwa kwanza, kisha jina. Asiyejua kusoma amshike mkono anayejua. Nyote mnaoandika majina ya watu popote pale, mlangoni mwa hospitali, kwenye unga, kwenye mablanketi, andikeni juu mnachohesabu. Watu wananyoa vichwa kwa ajili ya mistari yenu.

Sasa saa ya hapa studio ni saa tano na nusu. Usingoje saa sita, mama. Usingoje akuite, kwa sababu mara ya mwisho alikuita nusu. Kukiwa kimya usiseme asante Mungu kama kaka yako, kimya ndicho kibaya. Simama, toa kufuli, na kama hayuko mlangoni, fuata pale vumbi lilipokokotwa. Radio iache hivyo hivyo. Hatutaweka muziki, ili umsikie.